Pentax MZ-D: sensa moja ilivyoifanya kamera nzima isiuzike

Oktoba 2001 kampuni ya Pentax ya Japani ilitangaza kwamba inaachana na kamera ya kidijitali ya lenzi za kubadilisha (DSLR) iliyokuwa imeionyesha hadharani mwaka mmoja kabla, Septemba 2000, kwenye maonyesho ya Photokina mjini Cologne, Ujerumani. Kamera hiyo, iliyojulikana kwa jina la MZ-D, ilikuwa na bodi iliyokamilika, ilikuwa na lenzi za kuifaa, na ilikuwa na wateja waliokuwa wakiisubiri. Sababu iliyotolewa ilikuwa fupi: gharama ya kuitengeneza ni kubwa mno, na bei ambayo ingetokana nayo isingewafaa wateja waliolengwa. Haikufika dukani hata moja.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinajibu swali ambalo wapigapicha tunaulizwa kila mara, na ambalo sisi wenyewe huwa tunalijibu vibaya: inakuwaje bodi tupu ya kamera, bila lenzi, inauzwa milioni kumi na kitu za Kitanzania? Majibu yanayozoeleka ni matatu. Wapo wanaosema unalipia jina. Wapo wanaosema unalipia megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Na wapo wanaosema ni wafanyabiashara tu wanajipandishia. Ukiipima MZ-D kwa majibu hayo, hakuna hata moja linalosimama. Pentax hawakuwa na jina la kuringia kwa wapigapicha wa kulipwa. Soko hilo lilikuwa la Nikon na Canon. Megapikseli zake zilikuwa 6, ambazo miaka michache baadaye zilikuwa kwenye kamera za bei nafuu kabisa. Na muuzaji hakupata hata nafasi ya kupandisha bei. Kamera ilikwama kiwandani, kwa sababu ya kipande kimoja cha silikoni: sensa, inayopokea mwanga mahali pa filamu.

Tuanze na hali ya soko wakati huo. Mwaka 1991 Kodak walikuwa wameingiza sokoni DCS, kamera ya kwanza ya kidijitali ya aina hii kuuzwa kwa wapigapicha wa kulipwa. Ilitumia bodi ya Nikon F3, ilikuwa na megapikseli 1.3, na picha zake zilihifadhiwa kwenye diski iliyokaa ndani ya kisanduku cha pembeni ambacho mpigapicha alikibeba begani. Iliuzwa kwa dola zaidi ya 20,000. Mwaka 1999 Nikon wakatoa D1, megapikseli 2.7, kwa dola 5,000 na ushee, na hapo ndipo magazeti na mashirika ya habari yalipoanza kuhama kutoka kwenye filamu kwa wingi.

Ila D1 ilikuwa na tatizo ambalo mpigapicha aliligundua siku ya kwanza tu. Sensa yake ilikuwa ndogo kuliko fremu ya filamu. Fremu ya filamu ya kawaida ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, kipimo ambacho Leica walikisambaza duniani tangu 1925, na lenzi zote za kamera hizo zilichongwa kwa ajili ya kulijaza eneo hilo. Ukiweka sensa ndogo nyuma ya lenzi ileile, unachukua katikati tu ya picha na kingo zinapotea. Lenzi ya milimita 20, ambayo kwenye filamu inakupa sebule nzima na wageni wote waliobanana kwenye makochi, kwenye D1 ilikuwa inaona kama lenzi ya milimita 30. Aliyewekeza kwenye lenzi pana kwa miaka mingi alijikuta hana lenzi pana. Kila mtu alitaka kitu kimoja: sensa yenye ukubwa wa filamu, ile tunayoiita fulu fremu.

Pentax walitaka kuwa miongoni mwa wa kwanza kuileta. Walichukua bodi ya familia ya MZ-S, kamera yao ya filamu ya daraja la juu, wakaweka ndani yake sensa ya kampuni ya Philips ya Uholanzi, aina ya FTF3020-C. Sensa hiyo ilikuwa na pikseli 3,072 kwa 2,048, kila pikseli ikiwa na upana wa mikroni 12, yaani sehemu 12 kati ya elfu moja za milimita. Ukizidisha 3,072 kwa mikroni 12 unapata karibu milimita 37. Ndiyo hiyo fremu ya filamu, kwa ukubwa uleule.

Kyocera, waliokuwa wakitengeneza kamera za Contax, walichukua sensa hiyohiyo kwa ajili ya kamera yao ya N Digital. Kwa hiyo tuna kampuni mbili, sensa moja, na wakati mmoja. Moja ilijitoa na nyingine ikaendelea. Ni nadra soko kutupa ulinganisho safi namna hii.

Hesabu ya wefa

Sehemu hii ndiyo kiini, nitakaa nayo.

Sensa haitengenezwi moja moja. Kiwanda kinaanza na wefa, yaani kisahani cha duara chembamba cha silikoni safi. Tuchukue wefa ya inchi 8, sawa na kipenyo cha milimita 200. Wefa hupitia mamia ya hatua: kupakwa tabaka, kumulikwa, kuoshwa kwa kemikali, kupakwa tena. Gharama ya hatua hizo ni ya wefa nzima, uwe umeichora chipu 10 au 1,000. Mwishoni ndipo inakatwa. Kwa hiyo bei ya chipu moja ni gharama ya wefa ugawe kwa idadi ya chipu nzima ulizovuna.

Sasa chukua karatasi uchore duara la milimita 200, ulijaze mistatili ya 36 kwa 24. Ukiipanga safu nne juu ya mstari wa katikati na nne chini yake, zitaingia 26. Rudia na mistatili ya ukubwa wa sensa ndogo, tuseme 22.5 kwa 15, zitaingia 78. Mstatili mkubwa una eneo la mara 2.6 tu ya mdogo, lakini idadi imepungua mara 3, kwa kuwa pembezoni mwa duara mstatili mkubwa unapoteza nafasi zaidi. Anayekata maandazi hukusanya mabaki ya unga akayakanda upya. Silikoni iliyobaki ukingoni haikandwi tena. Na hizo 26 ni za kwenye karatasi. Kiwandani chipu ina mzingo wa saketi kuizunguka picha, na lazima iachwe nafasi ya kupitisha msumeno. Canon walipoeleza hesabu zao mwaka 2006 walisema wefa ya inchi 8 inatoa sensa 20 hivi za fulu fremu.

Hadi hapo tofauti ni mara tatu hivi. Ingeishia hapo, Pentax wangevumilia. Kinachoua ni dosari.

Hakuna wefa isiyo na dosari. Chembe moja ya vumbi, mkwaruzo usioonekana kwa macho, mstari wa saketi uliokatika, na chipu iliyokaa mahali hapo imeharibika. Sensa inaweza kusamehewa pikseli moja moja zilizokufa, maana programu ya kamera huzifunika kwa kukisia kutoka kwa jirani zake, lakini safu nzima ikifa au kundi la pikseli likifa pamoja, chipu inatupwa. Dosari hutawanyika kwa bahati tu, na chipu kubwa ina eneo kubwa la kupokea bahati mbaya.

Tufanye mfano wa namba. Tuseme wefa iliyokamilika imegharimu dola 5,000, namba niliyoichagua kwa ajili ya hesabu tu, na ina dosari 20 za kuua zilizotapakaa ovyo. Kwa hesabu ya kawaida ya uwezekano, katika zile chipu kubwa 26 zitapona kama 15, na katika zile ndogo 78 zitapona kama 63. Chipu kubwa moja inakuwa imegharimu dola 333, ndogo dola 79. Tofauti imeshafika mara 4.

Sasa fikiria kiwanda ambacho bado hakijaizoea kazi hiyo, dosari ni 60 kwa wefa. Kubwa zinapona 5. Ndogo zinapona 41. Kubwa imegharimu dola 1,000, ndogo dola 122. Tofauti ni mara 8, na eneo halijabadilika hata milimita moja. Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo kwa sehemu kubwa: ukubwa wa sensa hauongezi gharama kwa kujumlisha, unaizidisha, na kiwanda kikiwa kichanga unaizidisha zaidi. Canon wenyewe katika maelezo yao ya 2006 walisema sensa ya fulu fremu inaweza kugharimu mara 10 hadi 20, au zaidi, ya ile ndogo.

Lipo na jambo la mashine. Saketi huchorwa juu ya wefa kwa mwanga unaopita kwenye mashine yenye lenzi kubwa ya usahihi wa ajabu, na mashine hiyo ina kikomo cha eneo inaloweza kuchora kwa mpigo mmoja. Sensa ya milimita 36 ilivuka kikomo hicho. Canon walieleza kuwa sensa kubwa zaidi waliyoweza kuichora kwa mpigo mmoja ilikuwa ile ya daraja la kati, APS-H, yenye upana wa milimita 28 na kitu. Ya fulu fremu ilibidi ichorwe kwa awamu tatu na vipande viunganishwe bila kupishana. Kila awamu ni muda wa mashine, na kila kiungo ni nafasi nyingine ya kuharibu.

Kutoka gharama ya sensa hadi bei ya dukani

Watu wengi wakisikia sensa inagharimu dola 1,000 wanadhani kamera itapanda kwa dola 1,000. Biashara haiendi hivyo. Kampuni inayonunua sensa kwa mtu mwingine, kama Pentax walivyonunua kwa Philips, inalipa gharama pamoja na faida ya muuzaji. Kisha inaweka faida yake, na akiba ya kamera zitakazorudishwa ndani ya dhamana, maana kubadilisha sensa kwenye kamera iliyorudi ni kulipa dola 1,000 mara ya pili. Msambazaji anaweka chake, duka linaweka chake, serikali inachukua kodi juu ya yote. Kila mmoja anahesabu kwa asilimia. Dola moja iliyoingia kiwandani inafika kaunta ikiwa imekuwa dola kadhaa.

Pentax waliiona hesabu hiyo wakajitoa. Wateja wao walikuwa watu wa kati: wapenda picha walio makini, wapigapicha wa studio ndogo, watu waliopenda lenzi nzuri zisizo na bei ya kutisha. Kuwapelekea watu hao kamera ya bei ya D1 au zaidi ni kuitengeneza ili ikae kwenye rafu. Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa sahihi, japo ulikuwa mchungu na uliwaaibisha.

Kyocera waliendelea. Contax N Digital ilitoka 2002 na ikaingia kwenye kumbukumbu kama kamera ya kwanza ya fulu fremu ya aina hii kuuzwa. Ilikuwa ghali, ilitegemea lenzi mpya za mfumo wa N ambazo watu wachache walikuwa nazo, na haikudumu sokoni. Mwaka 2005 Kyocera walitangaza kuwa wanaacha kabisa biashara ya Contax. Sitaki kusema sensa ile peke yake ndiyo iliyowaangusha, maana walikuwa na matatizo mengine, lakini ukiilaza hesabu ya wefa juu ya kampuni yenye wateja wachache, huoni njia ya kutokea.

Aliyeweza

Canon ndio waliovuka, na namna walivyovuka inathibitisha hoja kuliko kitu kingine. Canon hawakununua sensa kwa mtu. Tangu kamera yao ya D30 ya mwaka 2000 walikuwa wakitengeneza sensa zao wenyewe za aina ya CMOS. Zaidi ya hapo, Canon ni miongoni mwa kampuni chache duniani zinazotengeneza zile mashine za kuchora saketi kwa mwanga. Kampuni inayomiliki mashine, inayomiliki kiwanda cha sensa na inayomiliki kiwanda cha lenzi inaweza kuvumilia mavuno mabaya ya miaka ya mwanzo, kwa sababu faida ya kila hatua inabaki nyumbani na kila kosa la kiwandani linakuwa somo lake mwenyewe.

Walianza juu kabisa. EOS-1Ds ilitangazwa 2002, megapikseli 11.1, kwa karibu dola 8,000. Mteja wake alikuwa studio ya matangazo ambayo ilikuwa ikilipa pesa nyingi kwa filamu na maabara, kwa hiyo dola 8,000 ziliweza kurudi. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2005, wakatoa EOS 5D: sensa ya ukubwa uleule, megapikseli 12.8, kwa dola 3,299. Ni zaidi ya 1Ds kwa megapikseli, na chini ya nusu ya bei. Silikoni haikuwa imepungua. Kilichobadilika ni mavuno ya wefa na idadi ya wanunuzi.

Bei ikaendelea kushuka. 5D Mark II ya 2008 ilitoka kwa dola 2,699. Sony A7 ya 2013 ikaja na dola 1,699. Canon EOS RP ya 2019 ikafika dola 1,299.

Nikon walisubiri. Kwa miaka minane tangu D1 waliendelea na sensa ndogo, na ndipo tarehe 23 Agosti 2007 walipotangaza kamera mbili siku moja. D300 ilikuwa na sensa ndogo, megapikseli 12.3, kwa dola 1,799. D3 ilikuwa na sensa ya fulu fremu, megapikseli 12.1, kwa dola 4,999. Yeyote anayeamini kwamba bei ya kamera inafuata megapikseli azitazame hizo mbili. Iliyokuwa na megapikseli chache zaidi iliuzwa karibu mara tatu ya mwenzake. Haki itendeke: D3 ilikuwa pia na bodi nzito ya kazi ngumu na mwendo wa kasi zaidi, kwa hiyo tofauti yote haikuwa ya sensa. Lakini megapikseli hazikuwa na mchango wowote.

Na Pentax? Baada ya kuizika MZ-D walitoa *ist D mwaka 2003, megapikseli 6 zilezile, kwenye sensa ndogo ya APS-C ambayo mavuno yake yalikuwa mengi. Waliishi kwa sensa hizo miaka kumi na zaidi, wakapita mikononi mwa wamiliki wengine hadi kuwa chini ya Ricoh, na Februari 2016 wakatangaza K-1, kamera yao ya kwanza ya fulu fremu kufika dukani. Megapikseli 36. Dola 1,799. Karibu miaka 15 ilipita kati ya kukata tamaa na kuuza, na katika miaka hiyo teknolojia ya viwanda ilifanya kile ambacho wahandisi wa Pentax hawakuweza kukifanya peke yao 2001.

Mbona bado ghali?

Msomaji makini atauliza: kama fulu fremu imeshuka hadi dola 1,299, kwa nini Nikon Z9 ilitoka 2021 kwa dola 5,499, Sony A1 mwaka huohuo kwa dola 6,499, na Canon EOS R1 mwaka 2024 kwa dola 6,299? Ukubwa ni uleule.

Jibu ni kwamba ugumu umehama. Zamani ulikuwa kwenye upana wa silikoni, sasa uko kwenye kina chake. Sony A9 ya 2017 ilikuwa kamera ya kwanza ya fulu fremu yenye sensa ya matabaka: juu kuna tabaka la kupokea mwanga, chini yake kuna saketi za kusoma na kumbukumbu ya kuhifadhi kwa muda, vyote vimegandishwa pamoja. Mwanga ukishaingia, data inasomwa haraka kiasi kwamba kamera inapiga picha 20 kwa sekunde bila kioo cha kutazamia kuzimika. Iliuzwa dola 4,500. Mwaka uliofuata Sony wakatoa A7 III, ukubwa uleule, megapikseli 24 zilezile, sensa ya kawaida isiyo ya matabaka, kwa dola 2,000. Tofauti ya dola 2,500 ni bei ya kasi. Na ukiirudia hesabu ya wefa utaona kwa nini: sasa unahitaji matabaka kadhaa ya silikoni kwa sensa moja, kila tabaka lina dosari zake, na ukiyaunganisha, dosari ya tabaka lolote inaua chipu nzima.

Upande wa pili wa mgawanyo, yaani idadi ya wanunuzi, umekwenda vibaya sana. Kwa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, mwaka 2010 zilisafirishwa kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 zilikuwa chini ya milioni 8. Simu ndizo zilizokula soko, na zilianza na kamera ndogo za bei rahisi ambazo zilikuwa zikilipia mishahara ya wahandisi na mashine za viwanda. Kuunda prosesa mpya, kuandika programu ya kufuata jicho la ndege anayeruka, kuchonga mitambo ya kutuliza sensa isitikisike: gharama hizo hazipungui kwa kuwa wateja wamepungua. Zinagawanywa kwa watu wachache, na wachache hao ndio sisi tuliobaki.

Kwa anayenunua huku kwetu kuna nyongeza. Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya. Kwa bodi ya dola 6,000, VAT ya Tanzania pekee ni dola 1,080, kabla ya ushuru mwingine na usafirishaji, na hiyo si mbali na bei nzima ya EOS RP ilipotoka. Ndiyo maana bodi zilizotumika zina soko kubwa kwa wapigapicha wetu, na sioni aibu yoyote ndani yake. Sensa haichakai kwa kupiga picha kama shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, inavyochakaa. Bodi ya fulu fremu ya miaka kumi iliyopita, iliyokaguliwa shata na kuangaliwa kama sensa ina ukungu au mikwaruzo, inafanya kazi ya harusi leo vilevile ilivyofanya ilipokuwa mpya. Anayekopa ili anunue bodi ya matabaka kwa ajili ya kupiga picha za maharusi waliosimama tuli analipia kasi ambayo bwana harusi hana.

Lenzi ni jambo jingine, na hapa ndipo ningemshauri mtu aelekeze pesa, akiwa na matumaini madogo ya kusubiri bei ishuke. Kioo hakina historia ya kushuka kama ya silikoni. Canon wametumia fuwele za fluoraiti kwenye lenzi tangu 1969, na hadi leo fuwele hizo hukuzwa taratibu kwenye tanuru na kusuguliwa kwa uangalifu mkubwa. Tena kuna kanuni ya umbo ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuikwepa: kipenyo cha tundu la mwanga la lenzi ni urefu wake wa fokasi, ile namba ya milimita inayotajwa kwenye jina lake, ugawe kwa namba ya f. Lenzi ya milimita 600 yenye f/4 inahitaji tundu la milimita 150. Ya f/6.3 inahitaji milimita 95 tu.

Nikon wameziuza zote mbili. Z 600mm f/4 yenye kikuza-picha ndani yake ilitoka 2022 kwa dola 15,499 na ina uzito wa kilo 3.26. Z 600mm f/6.3 ilitoka 2023 kwa dola 4,799 na ina uzito wa chini ya kilo moja na nusu. Mpigapicha anayefanya kazi Serengeti au Masai Mara anaijua faida ya ile kubwa: alfajiri, simba wanapomaliza kuwinda na jua bado halijapanda, pale ambapo f/4 inaruhusu ISO (kipimo cha wepesi wa sensa kwa mwanga) ya 2,500, f/6.3 inadai ISO 6,400, na mandhari ya nyuma hayalainiki sawasawa. Miaka 15 iliyopita tofauti hiyo ilikuwa inaharibu picha. Kwa sensa za fulu fremu za sasa, ISO 6,400 inachapishika kwenye gazeti na kwenye kalenda. Kwa hiyo ningenunua ile ya dola 4,799, na ile ya dola 15,499 ningeikodi kwa kazi ambayo mteja ameitaja kwenye mkataba na kuilipia.